Maji ya Kukanda

Nyumba yangu na ya Mzee Florian zinatenganishwa na ukuta mmoja hapa Mkuyuni. Kwa miaka mingi niliamshwa na randa yake. Alikuwa seremala, na alfajiri tu alishaanza kulainisha mbao huku akiimba nyimbo za kwaya. Nililalamika sana. Moyo wake ulipoanza kuchoka, randa ikanyamaza, na kelele ile niliitamani.

Madaktari walimpasua kifua, wakambadilishia mlango mmoja wa moyo. Baada ya wiki mbili alirudi nyumbani. Alikuwa amekonda, lakini utani wake ulikuwa palepale.

Siku ya tano mkewe, Mama Annet, aliniita. Mimi ni muuguzi.

"Sista Gladness, njoo umtazame mzee. Ana homa."

Nilinawa mikono, nikamsogelea. Kidonda cha kifuani kilikuwa chekundu, na kwa chini kilitoa majimaji. Kando ya kitanda niliona beseni la maji ya moto na kitambaa.

"Mama, umemkanda?"

Aliinamisha kichwa. "Mara tatu. Kifua kilikuwa kimevimba. Nilipomzaa Annet kule Muleba, marehemu mama alinikanda kila asubuhi, nikapona. Sasa mimi nimpe nini mume wangu?"

"Amenikanda kama mzazi," Mzee Florian akasema kwa sauti ndogo. "Bado kunyonyesha tu."

Sikuweza kucheka. Hata mimi mama yangu alinikanda, kule Misungwi. Nilipiga kelele kwa yale maji ya moto, na leo natamani ile mikono yake.

"Mama, sikiliza," nikamwambia. "Wakati wa upasuaji moyo ulisimamishwa, damu ikazungushwa na mashine. Mwili umejengwa kwa chembe hai, ndogo mno, hazionekani kwa macho. Zile chembe zilipata mshtuko. Mwili ukaanza kujitengeneza, ndiyo maana mtu huvimba kidogo. Uvimbe huo hupungua wenyewe siku hadi siku."

"Kwa hiyo haukuwa ugonjwa?"

"Mwanzoni, huenda haukuwa. Lakini kukanda kunaweza kuingiza vijidudu kwenye kidonda. Wekundu ukienea, kidonda kikitoa majimaji au homa ikipanda, hatungoji kesho."

Akashika mdomo. "Nimemuua?"

"Hapana, tukiwahi. Twende sasa hivi."

Hospitali walisafisha kidonda, wakamlaza siku tisa kwa dawa za sindano. Bahati nzuri vijidudu havikufika kwenye mfupa wala kwenye moyo. Mama Annet alinisihi nisimwambie mtu, hata Annet, kwamba alimkanda. Waliporudi nyumbani alinawa mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa mzee, akakitazama kidonda kila siku, na hakumruhusu anyanyue hata ndoo.

Baada ya miezi mitatu niliwasindikiza kliniki. Daktari alisema kidonda kimefunga vizuri. Tulipotoka, tulimkuta mwanamke mmoja kijana kwenye benchi, akieleza wenzake kwamba mumewe ameruhusiwa baada ya kupasuliwa moyo.

"Nikifika nyumbani nitamkanda," alisema. "Kifua kimevimba."

Mama Annet alisimama. Watu kama kumi walikuwa wanasikiliza.

"Mwanangu, usimkande. Mimi nilimkanda huyu, nusura nimzike. Baba Annet, fungua shati wakuone."

Mzee Florian akafungua vifungo, safari hii bila utani wowote. Yule mwanamke kijana aliutazama mshono.

"Basi simkandi," akasema. "Niambie, nimfanyie nini?"

Mama Annet akaketi kando yake, akaanza kumweleza.