Sala ya Fundi Bomba

Mshonaji alikuwa amefumba macho, mikono juu, akiwaombea wagonjwa waliofurika kwenye ukumbi wa hospitali, bomba lilipopasuka. Maji yakamwingia viatuni. Akazidisha sauti.

"Dada, omba huku umeshika hii!" Mtu akamtia ndoo mkononi.

Akafumbua macho ili amkaripie, karipio likamfia mdomoni. Mbele yake kijana amelowa chapachapa, ovaroli ya buluu imemganda kifuani, anacheka meno yote nje. Fundi bomba! Loh, Mungu naye ana mambo yake.

Basi ikawa simu asubuhi, simu jioni.

"Umekula, malkia wangu?"

"Nimekula. Na wewe umesali, mpenzi?"

"Nime... nimezibua sinki la mchungaji. Hiyo haihesabiki?"

Mshonaji alicheka, lakini jambo hilo lilimkaa rohoni. Kila Jumapili yeye yuko mstari wa mbele na gauni lake la zambarau, fundi yuko nyuma ya kanisa anakaza koki. Akiombwa afungue kikao kwa sala, utasikia ana dharura mahali. Na mshonaji alikwishaapa: mume asiyeweza kusali naye, hapana, hata awe mzuri vipi.

Mara mama yake akateleza bafuni, akavunjika mguu. Kikundi cha maombi kikahamia sebuleni, nyimbo kutwa nzima. Fundi akaja, akaamkia, akapitiliza jikoni. Akapika uji, akafua mashuka. Lakini mama alipomwambia, "Mwanangu, niombee basi," alinyakua mfuko wake wa vifaa, huyoo!

Jioni simu ikawaka moto.

"Umeniaibisha mbele za watu!"

"Na mama alikuwa na njaa mbele ya watu haohao."

"Kwa hiyo imani yangu ni kelele tu?"

"Na kazi yangu kwako si kitu?"

Mshonaji akakata simu, akalia mpaka macho yakavimba.

Asubuhi akapiga magoti kando ya kitanda, akaanza sala ndefu. Mama akamgusa bega.

"Binti yangu, Mungu amekusikia tangu juzi. Mimi nataka kuoga."

Maneno yale yalimchoma. Kumbe muda wote alikuwa anaogopa kumwona mama yake amedhoofika vile, na akifumba macho haoni. Akachemsha maji, akamwogesha taratibu, akampaka mafuta. Kisha akapiga simu.

"Nimekosa, mpenzi. Njoo."

Fundi alikuja mikono mitupu, kachomekea shati, aibu tele usoni.

"Nami nimekosa," alisema. "Nyie mkisali, maneno yanamiminika. Mimi mbele za watu ulimi unaganda. Kazi ndiyo maficho yangu."

"Na mimi nilijificha kwenye sala. Sali hivyohivyo tu, hakuna atakayekucheka."

Fundi akasimama kando ya kitanda, jasho linamtiririka.

"Mungu... shikamoo."

Mshonaji akauma mdomo asicheke.

"Mponye mama. Uji nitaendelea kupika mimi. Na huyu binti yake, nampenda sana. Nataka kumwoa. Nimeshindwa kumwambia, basi nakwambia wewe, naye yupo hapa anasikia. Ni hayo tu."

Mshonaji akamkodolea macho tu. Fundi hakuthubutu kufumbua macho.

"We binti," mama akafoka kitandani, "kila siku unaitikia sala za watu mpaka majirani hawalali. Hii ndiyo imekushinda?"

"Amina," mshonaji akasema, akamshika fundi mkono. "Amina, amina, amina!"