Kiu ya Kidoti Kabla ya Upasuaji

Baba Kidoti alikuwa fundi rangi, na kwa ukuta wenye unyevu hakuwa na mchezo. Hafungui kopo la rangi mpaka ukauke kabisa. Basi binti yake wa miaka sita alipopangiwa kutolewa uvimbe tumboni, naye akajipa udaktari.

"Tumbo lazima liwe kavu," alimwambia mkewe. Tangu mchana wa siku ya kuamkia upasuaji, mtoto hakupewa hata funda la maji.

"Baba Kidoti, muuguzi alisema chakula aache masaa sita kabla. Maji matupu ruksa mpaka yabaki masaa mawili."

"Niachie mimi. Uangalifu ukizidi, ubaya uko wapi?"

Kumbe upo.

Asubuhi hospitalini, daktari wa usingizi, mama mmoja mcheshi, aliitazama midomo ya Kidoti. Akampima mapigo ya moyo na presha. Ucheshi ukamwisha.

"Mara ya mwisho alikunywa lini?"

"Jana mchana, daktari," baba akajibu kwa maringo.

"Keti, baba. Dawa ya usingizi hulegeza mishipa ya damu, presha ikashuka. Kama mwili umepungukiwa maji, inaporomoka. Tumbo likifunguliwa, inaweza kushuka zaidi. Hapo ubongo na figo hukosa damu ya kutosha. Na mtoto mdogo akiba yake ni ndogo."

Jasho lilimtoka Baba Kidoti. Alitaka ardhi ipasuke immeze. "Nisamehe, daktari. Nilidhani nasaidia."

"Kusema kweli ndiko kulikotusaidia. Sasa tunajua la kufanya."

Kidoti akatundikiwa dripu, na upasuaji ukasogezwa hadi mchana. Presha ilipokaa sawa, wakamwingiza chumba cha upasuaji. Mle ndani daktari aliipima kila baada ya dakika chache. Alasiri akatoka akitabasamu.

"Uvimbe umetoka. Presha haikutusumbua."

Mama Kidoti alilia kwa furaha. Mumewe naye alilia, akasingizia mafua.

Mwezi uliofuata Kidoti alikuwa akiruka kamba uani. Siku moja fundi mwenzake Baba Kidoti alikuja kuaga: mwanawe angepasuliwa kesho yake.

"Nimeshamfungia maji tangu asubuhi," akajisifu.

"Kampe maji sasa hivi," Baba Kidoti akamwambia. "Fuata masaa ya muuguzi. Usipunguze, usizidishe."

"Nani kakufundisha wewe?"

"Binti yangu. Aliniomba maji tangu mchana hadi usiku, nikajifanya sisikii."