Kamera ya Hadado

Haya alinieleza rafiki yangu Warsame, mpiga video wa hapa Garissa. Alienda Hadado, kijiji cha Wajir, peke yake kurekodi kisima kilichokauka. Hakukuwa na mtu, wala mbuzi. Aliacha kamera kwenye stendi, akatembea mbele yake hadi kisimani.

Aliporudi, video ilikuwa inakwamakwama kwenye kompyuta. Akafunga mapazia, akatengeneza nakala nyepesi ya kuhariria, picha ikaanza kwenda vizuri. Dada yake, Idman, akaingia na chai.

“Nani alikushikia kamera, walaal, ndugu yangu?”

“Hakuna. Ilikuwa kwenye stendi.”

Kwenye picha Warsame alitembea, na kamera ikamfuata nyuma, hatua kwa hatua. Aliposimama kisimani, ikasimama. Kisha kwenye spika, karibu kabisa na maiki, mtu akahema.