Tunda Jeusi la Nyamuswa

Miaka ile ya ruksa, nchi ilipofunguliwa kwa wageni, rafiki yangu Silasi alimwongoza mzungu mmoja, Joris, kwenye msitu wa huko Nyamuswa. Joris alikuwa mpumbavu mwenye begi kubwa mgongoni. Kila tunda la porini alilionja na kulitema, kana kwamba Mungu aliliotesha ili yeye alikosoe.

Wakafika mahali miti ilikoshonana hadi mchana ukawa giza. Joris akachuma tunda jeusi.

"Hilo sisi hatulagi," Silasi akamwambia.

"Nyie mnaogopa kila kitu!"

Akalitafuna, akameza, akaachama kuonyesha mdomo mtupu.

Ndege wakanyamaza. Silasi akasikia bado kunatafunwa, taratibu. Akadhani ni mnyama, akasogea asikilize. Sauti ilikuwa inatoka tumboni mwa Joris, naye alikuwa bado ameachama, akishindwa kufunga mdomo.