Brashi Bwawani

Rafiki yangu mmoja ni fundi wa mabwawa ya kuogelea, na kisa hiki bado kinamkera. Bwawa la nyumba moja lilikuwa limepigwa lipu mpya, na lipu mpya hutoa chokaa. Alimimina asidi, akasugua kuta, akaendesha pampu; kila kukicha maji yalikuwa meupe tena.

"Fundi, nilikuagiza maji au maziwa?" mwenye nyumba akamuuliza. "Yasipotakata leo, namwita mwingine."

"Nipe mpaka jioni, mama."

Akavua ndara ukingoni, akachukua brashi yake, akaingia chumba cha pampu kusafisha chujio. Alipozima swichi kuu, taa nayo ikazimika. Katika giza lile akasikia kutoka bwawani: kwaruu, kwaruu, mtu anasugua.

"Mama, acha! Utaichubua lipu!"

"Niache nini?" mama akajibu mlangoni, nyuma yake. "Brashi si unayo wewe?"

Sauti ikakoma. Wakatoka. Maji yalikuwa yametakata mpaka chini.

"Kumbe unaweza!" mama akacheka.

 Rafiki yangu alikuwa akitazama ndara zake. Ndani ya kila moja mlikuwa na unyayo wa chokaa, vidole vyote vitano, bado unachuruzika.