Sista Bubu na Tumbo la Mpira

Walikutana sokoni Limbe, mikono yao juu ya chupa moja ya rangi nyekundu ya chakula. Tadala, mkunga, gauni la kitenge cha njano likimkaa vizuri kiunoni, alitaka kupambia keki. Mayamiko, shati jeupe limenyooshwa hadi kola, alisema anatengeneza damu.

"Wewe mchawi?"

"Mwalimu tu, sista. Nafundisha wakunga kuzuia damu kabla hawajakutana na ya kweli."

Akamwachia chupa, akaomba namba. Zikafuata simu nyingi na samaki wa kuchoma, chambo wa ziwani, mpaka zamu ya Tadala ilipofika kwenye chumba cha mazoezi cha Mayamiko. Mkunga mwenzake alijifunga tumbo la mpira, akajifanya mzazi aliyetoka kujifungua, akafungua kibomba cha damu ya rangi kilichofichwa chini ya shuka. Tadala alikanda tumbo, akachoma sindano, akasahau kuita msaada. "Mzazi" akafa. Si kitu, kanuni ya chumba ni kwamba kosa linabaki humo humo.

Wiki iliyofuata wodi nzima ilimwita Sista Bubu. Mayamiko alikuwa amelitoa kosa la Tadala kama mfano kwa darasa jingine. Hakutaja jina, alijitetea kwenye simu, lakini nani asingejua?

"Nilitaka wajifunze, mpenzi."

"Na wewe utajifunza," Tadala akajibu, akakata.

Hakulia. Alisubiri wageni wa wizara, waliokuja kuamua kama Mayamiko apewe vyumba vya mazoezi wilayani. Mayamiko angeonyesha kazi mwenyewe. Tadala akajitolea kuwa mzazi, Mayamiko akadhani amesamehewa.

Tadala alifungua kibomba mpaka mwisho. Damu ya rangi ikajaa kitandani, ikamwagikia viatu vya mwalimu. Mayamiko akakanda, akachoma, jasho likimtoka, huku wakunga wamesimama ukutani wakisubiri kuitwa. Hakuwaita. Tadala akafumba macho, akafa vizuri kabisa.

"Nani bubu leo?" maiti akauliza.

Mayamiko akawageukia wageni. "Nimesahau kuita msaada. Na aliyewahi kusahau hivi hivi, nilitangaza kosa lake nje. Hilo ni baya zaidi."

Vyumba vya wilayani hakupewa. Tadala alilala usingizi mtamu wiki nzima. Kisha simu ikaja: Mayamiko aliomba msamaha na ndoa kwa pumzi moja, akinong'ona wenzake wasisikie.

"Jumatatu tumbo unavaa wewe," Tadala akamwambia.

Jumatatu Mayamiko alilala mbele ya darasa, kitenge kimeshindwa kufunika miguu yake yenye nywele. Tadala alilikanda tumbo kwa nguvu kuliko inavyotakiwa, akaita msaada hadi walinzi wa getini wakaja mbio. Kisha akainama.

"Sasa niulize tena. Kwa sauti, bwana. Humu hatutaki bubu."