Waya wa Tatu

Tik.

Mwanaima aliusikia mlio huo gizani, kabla ya adhana ya Alfajiri, kama alivyousikia kila siku. Ulitoka chumba cha pili, kwenye mashine ya baba yake, kila ilipopokea umeme. Baada ya tik, Mzee Abdulrahim hukohoa mara moja, akavaa hedifoni zake, akasikiliza kisomo cha marehemu mwalimu wake mpaka mwadhini aite.

Siku hiyo hakukohoa. Kiti kiliburuzika. Kitu kizito kikaanguka. Kisha kikaja kimya cha namna nyingine, kile kinachomtoa mtu jasho shingoni.

"Baba?"

Alimkuta sakafuni, hedifoni kichwani, miguu mitupu. Maji ya udhu yalikuwa bado yanang'aa kwenye vidole vyake. Alipoanguka alikuwa amevuta waya wa umeme, ukachomoka ukutani.

Inspekta Kache Kahindi wa polisi wa Diani alifika kijijini Galu saa mbili asubuhi, umeme ukiwa ndio kwanza umekatika. Mafundi walikuwa barabarani wakibadili nguzo, nao walisema hautarudi mpaka mchana. Uani, wanawake walikuwa wameshaketi mkekani. Wanaume walikuwa wakizungumzia kaburi.

"Ni moyo tu, afande," alisema jirani mmoja. "Mzee kafa na udhu wake, kifo chema. Tuacheni tuzike."

"Nani aliyetupigia simu?"

"Mimi." Mwanaima alijitenga na wenzake, kanga ameishika kidevuni.

"Pole sana, dada. Kwa nini ulitupigia?"

"Kwa sababu ya waya."

"Waya gani?"

"Wa umeme, wa mashine ya baba. Nilipomkuta, ulikuwapo pale chini. Nikatoka kuita majirani, watu wakajaa. Niliporudi chumbani, mashine ipo, waya haupo."

"Huenda mtu ameukunja akauweka."

"Nimetafuta mpaka chini ya godoro. Wananiambia nimepagawa na msiba." Akaikaza kanga. "Mwizi gani huyu, afande, anayeacha mashine akachukua waya? Na alikuwa humu ndani, na sisi, akilia na sisi."

Kache alipiga magoti kando ya maiti, akaufungua mkono wa kulia. Kwenye ncha za vidole viwili palikuwa na alama ndogo za kijivu, kingo zake ngumu, kama matone ya nta iliyokauka. Alikwisha kuona alama kama hizo mara moja tu katika kazi yake, na hakupenda kuziona tena.

Alimwita Daktari Beryl kutoka hospitali ya Msambweni. Daktari aliharakisha kwa ajili ya maziko, lakini hakuruka kitu.

"Umeme," alisema. "Umeingilia mkononi, umetokea nyayoni. Ngozi iliyolowa haizuii kitu."

"Ajali?"

"Mimi nasoma mwili, Inspekta. Wewe soma nyumba."

Juu ya meza palikuwa na vitu viwili. Kimoja kidogo, cha dukani, kile ambacho wapenzi wa muziki hukiita daki. Kazi yake ni kuzigeuza namba za kompyuta ziwe sauti. Cha pili kilikuwa amplifaya ya hedifoni, sanduku la bati jeusi lililoundwa kwa mkono. Kando yake, daftari.

"Baba aliendesha mitambo ya sauti hotelini miaka thelathini," alieleza Mwanaima. "Akisema kifaa fulani ni kizuri, wanaopenda mambo haya pwani yote hii wanakitaka. Miezi mitatu alikuwa akichagua. Sisi tunacheka, yeye anaandika."

Kache alisoma.

*Daki ya kwanza: safi, lakini baridi. Mwalimu kama anasomea nyuma ya kioo. Irudi dukani.*

*Daki ya pili: namsikia mwalimu akivuta pumzi. Hii inabaki.*

*Amplifaya ya dukani: haina kosa, haina ladha. Chai bila tangawizi.*

*Amplifaya ya Swabir: sauti ina mwili. Lakini inanguruma chini ya kisomo. Nimempa mpaka Ijumaa. Ikiendelea, nachukua ya dukani.*

Na mwisho kabisa: *Swabir kaja. Kashughulika na waya wa umeme, sanduku hakulifungua. Mngurumo kwisha. Nimemchagua Swabir. Mtoto wetu kaweza.*

"Swabir ni nani?"

"Fundi wa Ukunda. Kaiunda mwenyewe. Asubuhi alifika wa kwanza, baba hata hajafunikwa. Alilia kunishinda mimi."

Kache alilibeba lile sanduku. Kizingitini alimkuta binti wa Mwanaima, Ummi, mwenye miaka saba, hedifoni ndogo nyekundu zikiwa shingoni, uzi wake unaning'inia.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Unasikiliza nini?"

"Hamna. Umeme haupo."

"Basi vumilia, utarudi," Kache alimjibu, akampapasa kichwa, akapita. Aliziona zile hedifoni, lakini hakujiuliza ule uzi ulikuwa unangoja kuchomekwa wapi. Hilo lilimsumbua siku nyingi baadaye.

Saa nane mchana, umeme ukiwa bado haujarudi, chumba cha mahojiano kilikuwa moto kama tanuri. Swabir alikaa mbele ya sanduku lake, kijana mwembamba, vidole vyake vimejaa makovu ya kulehemu. Waya mweusi, aliouazima Kache kwenye kompyuta ya ofisini, ulitoka nyuma ya sanduku ukatelemka upande wa pili wa meza.

"Umeiunda wewe?"

"Mimi, afande."

"Kila kitu?"

"Kila kitu ila transfoma. Nilizitoa kwenye mitambo ya hoteli moja iliyofungwa."

"Zilikuwa zimekaa wapi?"

"Stoo. Ufukweni."

"Zikala chumvi."

"Huku kwetu nani hali chumvi, afande?" Alijaribu kucheka. Kicheko hakikutoka.

"Ilikuwa inanguruma."

"Nikairekebisha."

"Vipi?"

"Nilikaza waya."

"Uko wapi huo waya?"

"Nitajuaje?"

"Ulifika wa kwanza."

"Yule alikuwa kama baba yangu!"

"Hilo sikukuuliza. Weka mkono juu ya sanduku."

Swabir aliuweka. Akautandaza, akalipapasa bati kama mtu apapasaye paka. "Unaona? Halina neno."

Papo hapo taa ikawaka juu yao. Feni ikaanza kuzunguka.

Swabir alipiga ukelele. Aliuvuta mkono kwa nguvu hata kiti kikapinduka, akajibanza ukutani, mkono ameukumbatia kifuani. Meno yalikuwa yakigongana.

Kache aliinama. Akaiokota plagi iliyokuwa imelala sakafuni, akaiweka juu ya meza polepole.

"Haijachomekwa, Swabir. Kimekuuma nini?"

Swabir aliitazama plagi. Feni ilizunguka.

"Aliyeunda sanduku ndiye anayeliogopa. Sema, kijana."

"Nilikata waya wa tatu." Alisema kwa sauti ndogo sana. "Ndani ya plagi. Ule wa kijani, unaokwenda ardhini. Transfoma ilikuwa inavujisha umeme kwenye bati, na waya ule ulikuwa unauteremsha. Ndio uliokuwa unanguruma. Nilipoukata, mngurumo ukaisha."

"Na umeme ukabaki kwenye bati."

"Niliijaribu mwenyewe, wallahi! Nilikuwa na viatu, mkono mkavu. Nilisikia mtekenyo tu. Nilisahau..." Akavitazama viatu vyake. "Nilisahau kuwa yeye hasikilizi kisomo bila udhu."

"Asubuhi ukauona mkono wake, ukajua."

"Nikauficha waya chini ya shati. Nimeutupa chooni."

"Kwa nini ulifanya yote haya?"

"Miaka sita mimi ni Swabir wa kulehemu redio. Wananitania, wananiita mzee wa makopo. Mzee Abdulrahim akisema 'nimechagua ya Swabir,' nimekuwa fundi. Aliponiambia atachukua ya dukani, sikulala. Nilitaka alitaje jina langu, afande. Mara moja tu."

Kache alikumbuka mstari wa mwisho wa daftari. Hakumsomea.

"Ule mngurumo ulikuwa unakuonya," alisema. "Wewe ukaukata ulimi."

Lakini Swabir hakuwa akimtazama. Alikuwa ameikodolea macho ile taa, na uso wake ulikuwa umeishiwa damu.

"Afande. Umeme umerudi na Galu?"

"Unauliza kwa nini?"

"Ipo ya pili."

Kache alisimama.

"Mzee aliniagiza ndogo, ya mjukuu wake, ajifunzie kisomo. Nilimpelekea jana. Transfoma ni zile zile. Waya nimeukata vile vile. Leo niliitafuta, wanawake wakajaa chumbani, sikuona alikoiweka. Nikasema nitarudi jioni."

"Ukamwacha mtoto nayo?"

"Niliogopa!"

Hedifoni nyekundu. *Hamna. Umeme haupo.*

Kache alipiga simu ya Mwanaima. Haikupatikana, tangu asubuhi hakukuwa na pa kuichaji. Konstebo Fondo, aliyekuwa akilinda mlangoni, alikuwa ameshatoka mbio na funguo za gari.

Njia ni ile ile ya kila siku, lakini siku hiyo haikuisha. Kila duka lililokuwa na taa lilimchoma Kache moyoni. Mafriji ya soda yalikuwa yananguruma. Redio ya kinyozi ilikuwa inaimba. Alijikuta anasoma Baba Yetu kimoyomoyo, akifika katikati anasahau, anaanza tena.

"Kanyaga, Fondo."

"Nimekanyaga mpaka mwisho, afande."

Jeneza lilikuwa limekwisha kutoka. Wanaume wako makaburini. Wanawake walikuwa wamemwaga maji nyumba nzima, wanaosha sakafu. Yalimfika Kache kwenye vifundo vya miguu. Kwenye dari feni ilikuwa inazunguka.

"Ummi yuko wapi?"

"Yumo humo ndani," Mwanaima alishtuka. "Kuna nini?"

"Swichi kubwa! Swichi kubwa iko wapi?"

Mwanaima alionyesha nyuma ya mlango. Kache aliiteremsha kwa kiganja kizima. Feni ikapunguza mwendo, ikazunguka mara moja, mara mbili, ikasimama.

Kache aliingia chumba cha marehemu. Nyuma ya kabati, Ummi alikuwa amechutama miguu mitupu ndani ya maji, hedifoni nyekundu masikioni. Mbele yake palikuwa na sanduku dogo la bati, jipya, limefungwa utepe. Waya wake ulikuwa ukutani. Kidole cha mtoto kilikuwa juu ya swichi ya sanduku, na mkono wa pili ulikuwa njiani, umebakisha shibiri moja kuligusa bati.

Kache alichomoa plagi. Akamnyanyua mtoto kwa makwapa, akamkabidhi mama yake. Inspekta aliketi pale pale majini, na sare yake.

Mwanaima alimkamata binti yake, akamgusa vidole kimoja kimoja, akamgusa nyayo.

Ummi alivua hedifoni. Akamtazama mama, akamtazama polisi aliyekaa kwenye maji.

"Mama, nimebonyeza, lakini haikulia tik."